Gunia Halina Moyo

Shangazi alizima taa ya stoo, akaniambia nisisogeze mguu nisije nikakanyaga mahindi yake.

Ilikuwa yapata saa mbili usiku, Busia, upande wetu wa mpaka wa Uganda na Kenya. Nje malori yalikuwa yamejipanga kama kawaida, madereva wamejinyoosha kwenye mikeka chini ya trela, redio ya mtu inaongea peke yake. Ndani kulinuka magunia mapya na vumbi la nafaka. Nikamsikia anapekua mkoba. Kisha kitufe kikalia, na mwanga wa zambarau ukaangukia turubai.

Tochi ya noti. Ile ndogo ya kukagulia noti bandia, ambayo kila anayeshika fedha mpakani anayo.

Mahindi karibu yote yalibaki kimya, samawati hafifu isiyokuwa na habari. Lakini hapa punje moja, pale mbili, zilikuwa zinawaka kijani cha manjano kama vimulimuli waliotua wakakataa kuruka. Nyingi zilikuwa punje zilizopasuka. Shangazi akainama, akawa anaziokota moja moja na kuzitia kwenye kikombe cha plastiki.

"Hizi ndizo gonjwa," alisema. "Dereva mmoja wa Kenya ndiye aliyenionyesha."

Sasa, mimi ndiye msomi wa ukoo. Mimi ndiye ninayeitwa "daktari wa mahindi" kwenye harusi, kwa utani na kwa fahari pamoja. Sikuweza kunyamaza. Nikamweleza kwamba anachokiona si sumu. Kuvu ikiota kwenye punje huacha asidi inayoitwa kojiki, na punje yenyewe, ikiwa bado ina uhai, huigeuza asidi hiyo kuwa kitu chenye rangi ile ya kimulimuli. Kwa hiyo tochi inaonyesha kwamba kuvu ilipita hapa. Kama iliacha sumu au haikuacha, tochi haijui.

Akaendelea kuokota. Kisha, bila kuinua kichwa:

"Na ile mashine yenu ya Kampala, inaiona sumu yenyewe?"

"Ndiyo."

Nilijibu haraka mno.

## Ndiyo iliyonifuata kwenye basi

Wanaosoma hapa mara kwa mara wanajua kazi yangu, kwa hiyo sitairudia yote. Ni chipu, mwanzoni kipande cha silikoni laini, ukubwa wa stempu, chenye mfereji ndani yake wa upana wa maikromita 100, yaani unene wa unywele na kidogo zaidi. Kimiminika kinapita humo. Juu kuna taa ya LED ya nanomita 365, ubavuni kuna kichujio cha mwanga na fotodayodi, kijicho cha umeme kinachopima mwanga. Sumukuvu, au aflatoksini kama tunavyoizoea huku Uganda, inameza mwanga ule usioonekana na kutema samawati inayoonekana. Tunapima samawati hiyo. Basi.

Kwa hiyo ndiyo, inaiona sumu yenyewe. Sikumdanganya Shangazi.

Mbona basi lilipofika Jinja nilikuwa bado nalitafuna lile neno? Lilipofika Mukono pia. Wiki ikapita, ikapita nyingine. Nilikuwa nakaa maabara nikiangalia mstari ukipanda kwenye skrini, na badala ya kuona mstari naona kikombe cha plastiki chenye punje.

Nikaamua kurudi nyuma, hatua kwa hatua, nione ile ndiyo ilianzia kukauka wapi.

## Kwinini

Nilianza na jambo ninaloliamini kuliko yote, yaani mwanga wenyewe.

Kila asubuhi, kabla ya kugusa sampuli yoyote, naweka tone la maji ya toniki kwenye chipu. Toniki ina kwinini, ile ile tuliyotundikiwa kwenye dripu utotoni mpaka masikio yakavuma. Chini ya urujuanimno, ule mwanga usioonekana, kwinini inang'aa samawati nzuri isiyo na aibu. Ikiwaka kama jana, taa yangu ni nzima. Ikipungua, kuna jambo.

Mwaka 1852 George Gabriel Stokes, kule Cambridge, aliutawanya mwanga wa jua kwa mche wa kioo, akachukua myeyusho wa kwinini na kuupitisha rangi moja baada ya nyingine. Kwenye nyekundu, kimya. Kwenye kijani, kimya. Alipouvusha mpaka wa zambarau, mahali ambapo macho yanasema hakuna kitu, kwinini ikawaka. Alitambua kwamba mwanga unaotoka una mawimbi marefu kuliko ulioingia, kwa lugha ya leo nguvu pungufu, na kutokana na jiwe la fluospari akalipa jambo hilo jina la fluoresensi.

Kupungua huko kwa nguvu ndiko kunakoniwekea ugali mezani. Taa yangu ni kelele ya soko zima, sumu inanong'ona. Ingekuwa inanong'ona kwa sauti ile ile ya soko, ningefunga virago. Lakini inanong'ona kwa sauti nyingine, na kichujio kinaziba soko na kuuacha mnong'ono upite.

(Wanafunzi wanaotutembelea huwa nawaambia watie chumvi kidogo kwenye toniki. Inafifia mbele ya macho yao. Kloraidi ya kwenye chumvi inainyang'anya kwinini ile nguvu kabla haijageuka mwanga. Huwa wanacheka. Mimi nilipoliona mara ya kwanza sikucheka, kwa sababu nilifikiria jasho la vidole vyangu.)

Hapo ndiyo yangu ilikuwa bado mbichi.

## Karanga zetu

Kuna kitu kuhusu sumu hii ambacho Mganda angepaswa kukijua shuleni. Mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza, na waliokufa hawakuwa na ugonjwa uliojulikana. Mkosaji alikuwa mashudu ya karanga kutoka Brazili. Wachunguzi walipoitafuta kuvu yenyewe, sampuli iliyowapa jibu ilikuwa ya karanga kutoka Uganda, kali ajabu. Kuvu ikatambuliwa: Aspergillus flavus. Kutoka herufi zake wakaunda jina la sumu.

Na aina zake zikapewa majina ya rangi. B1 na B2 kwa sababu zinang'aa samawati, ambayo kwa Kiingereza huanza na B. G1 na G2 kwa kijani, ambacho huanza na G. Yaani hata kabla ya kuelewa zimeundwaje, walizijua kwa mng'ao. Enzi hizo kihisio kilikuwa jicho la mtu: doa dogo kwenye kioo, taa ya urujuanimno, na fundi anayekodoa macho kulinganisha doa hili na lile.

Utafiti uliochapishwa mwaka 1971 uliwahi kupima sampuli 480 za vyakula vilivyohifadhiwa nchini kwetu mwaka 1966 na 1967. Karibu tatu katika kila kumi zilikuwa na sumukuvu. Bibi yangu alikuwa anapika posho, yaani ugali wa mahindi, miaka hiyo.

Mawazo haya yalinirudisha kwenye kikombe cha Shangazi, maana niliwahi kumwona asubuhi anakimwaga. Alikuwa anawamwagia kuku.

Nilimpigia simu siku hiyo hiyo. "Shangazi, zile punje usiwape kuku." Akauliza kwa nini, si zimekwisha kutengwa? Nikamsimulia habari za bata mzinga. Akanyamaza, kisha akasema ndiyo maana vifaranga vya bata vilimfia mwaka juzi. Sijui kama ndiyo maana. Najua tu kwamba vifaranga vya bata hawaistahimili kabisa sumu hii, hata wachunguzi wa kwanza walikuwa wakiwatumia hao kuipima.

## Chipu tupu ikawaka

Sasa niseme kuhusu wiki niliyodhani nimepoteza kazi.

Ilikuwa miezi kadhaa kabla ya usiku ule wa tochi, na sikuwahi kuiandika hapa kwa sababu ya aibu. Nilikuwa nimeandaa chipu za kupimia mahindi ya majaribio. Kila siku unaanza na chipu tupu, maji na methanoli tu, ili ujue sifuri iko wapi. Sifuri yangu ilikuwa juu. Tena juu sana: kwa mujibu wa mstari wangu, maji safi yalikuwa na sumu kuliko mahindi yaliyooza.

Nikabadilisha methanoli. Bado.

Nikabadilisha kichujio, nikaazima taa nyingine, nikafunika kifaa kizima kwa kitambaa cheusi kama mganga. Bado. Nikashuku silikoni, nikamimina nyingine mpya kwenye kalibu. Siku moja ikawa nzuri, kesho yake ikaharibika. Hilo la siku moja ndilo lililonitesa. Kitu kilichoharibika huwa kimeharibika. Hiki kilikuwa kinakuja na kuondoka.

Jioni moja umeme ulikatika, nikabaki na tochi ya urujuanimno mkononi nikitafuta funguo. Nikajimulika. Koti langu la maabara lilikuwa linawaka kama mbalamwezi. Kola, mikono, mfuko. Nilikuwa nimelifua juzi.

Sabuni ya unga.

Sabuni nyingi za unga zina kemikali za kung'arisha zinazomeza urujuanimno na kutoa samawati, ili shati jeupe lionekane jeupe kupita kiasi. Rangi ile ile ninayoitafuta. Nikamulika taulo tunalokaushia vioo: linawaka. Karatasi nyeupe niliyokuwa naitandika chini ya chipu: inawaka. Nyuzi zisizoonekana zilikuwa zinadondoka kutoka mkononi mwangu mpaka mdomo wa mfereji, na kila uzi ulikuwa unatoa ushahidi wa uongo.

Siku ile nzuri? Nilikuwa nimevaa koti la mwenzangu, ambaye hufua kwa mche wa sabuni.

Nilitengeneza yaliyotengenezeka. Karatasi nyeusi, taulo hapana, makoti kufuliwa kwa sabuni isiyong'arisha. Sifuri ikashuka, na kwa muda nikajiona mjanja. Lakini kitu kimoja kilibaki: mashine haikuwahi kusema "sumukuvu". Ilisema "samawati". Neno sumukuvu nilikuwa naliongeza mimi.

Ni tofauti gani hiyo na Shangazi, anayeona kijani na kusema "gonjwa"?

## Silikoni yenye njaa

Tofauti ipo, nilijibishana mwenyewe. Kabla ya kupima tunapitisha dondoo la mahindi, yaani kimiminika tulichoyalowekea, kwenye chembe zilizovishwa kingamwili zinazoijua sumukuvu peke yake. Vingine vinaoshwa vinakwenda zake, sumu inabaki imeshikwa, kisha tunaifungua kwa methanoli na kuipeleka mbele ya taa. Kwa hiyo samawati inayofika pale ina vyeti vyake.

Sawa. Lakini kuna jambo la pili lililonichelewesha mwezi mzima. Nilikuwa nikipitisha kiasi kile kile cha sumu mara tatu na kupata majibu matatu, kila moja dogo kuliko lililotangulia. Kama mtu anayekunywa chai yako kila unapogeuka.

Ilikuwa ni silikoni. PDMS, ndiyo hiyo inayotumiwa na karibu kila maabara ya maikrofluidiki, kazi ya vimiminika kwenye mifereji midogo, duniani tangu kundi la George Whitesides kule Harvard lilipoonyesha miaka ya 1990 jinsi ya kuimimina kwenye kalibu kama uji. Ni rahisi, ni angavu, haiwaki sana. Lakini ni tundutundu kwa macho ya molekuli, na molekuli ndogo zinazochukia maji zinajipenyeza kutani na kukaa humo. Sumukuvu inachukia maji. Kwenye mfereji mwembamba hivyo, hakuna mahali ambapo ukuta uko mbali. Chipu yangu ilikuwa inaila sumu niliyoituma kuipima.

Tukahamia kioo. Kioo kinapasuka, ni kigumu kukichonga, na ghali. Lakini hakina njaa.

Na la tatu, ambalo ni fupi: B1, iliyo mbaya kuliko wenzake wote, ikiwa ndani ya maji inang'aa kwa unyonge. Inabidi uipambe. Wengine wanatumia bromini, wengine wanaimulika kwa urujuanimno mkali kwanza. Sisi tunatia saiklodekstrini, pete ya sukari yenye tumbo lisilopenda maji. B1 inaingia tumboni humo, inajificha na maji, inang'aa vizuri. Naipenda sana hatua hii. Ni kama kumpa mwoga mahali pa kusimama.

Baada ya haya yote mstari ulinyooka. Tukipima sumu tunayoijua kiasi, tunapata kiasi hicho. Ndiyo yangu ilikuwa na kila haki ya kuwa ndiyo.

Na bado.

## Lori lile lile

Kilichonivunja hakikuwa maabara. Ilikuwa hadithi ya kijiweni.

Nilikuwa Busia tena, nakula chapati na maharage kibandani, na wafanyabiashara wawili wanabishana. Mmoja alikuwa na lori lililokataliwa kwa sababu ya sumukuvu. Akalirudisha, akalala nalo siku mbili, akalipeleka kupimwa pengine. Likapita. Hakugusa gunia hata moja.

"Mahindi yale yale," alisema. "Lori lile lile. Juzi sumu, leo dawa."

Kila mtu kibandani alijua maana yake. Kuna mtu alikula. Ama waliomkataa walitaka kitu, ama waliompitisha walipata kitu.

Tangu Machi 2021 hakuna anayehitaji kuelezwa hapa. Tarehe 5 mwezi ule Kenya ilizuia mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa ajili ya sumukuvu, na ndani ya wiki ikafungua kwa masharti: cheti kinachoonyesha kwamba mzigo haujapita sehemu 10 kwa bilioni, yaani maikrogramu 10 kwa kila kilo. Shangazi alilala ndani ya kabini siku zile. Mtu aliyelala ndani ya kabini hasikilizi hoja za mstari ulionyooka.

Nilimwuliza yule mfanyabiashara waliotoa sampuli walitoboa magunia mangapi kwa bambo, kile chuma cha kuchotea nafaka guniani.

"Mlangoni hapo. Kama matano."

Lori la tani 30 ni magunia 300 ya kilo mia.

Nikachukua kalamu, nikageuza risiti ya chapati.

Punje moja ya mahindi iliyoliwa na kuvu vibaya imewahi kupimwa ikiwa na sumu zaidi ya sehemu 400,000 kwa bilioni. Punje moja ya karanga imewahi kufika milioni. Tuseme punje ya mahindi ina uzito wa theluthi ya gramu, kasoro kidogo, gramu 0.3. Sumu yake ni maikrogramu 120. Ukiigawanya kwa kikomo cha 10 kwa kilo, unapata kilo 12.

Punje moja inaweza kuzitia doa kilo 12 za mahindi safi kabisa, zikafika mpaka wa sheria. Punje moja kati ya 40,000.

Sasa choma bambo mara tano mlangoni mwa lori. Ukiikosa hiyo punje na ndugu zake, lori ni safi. Ukiipata, lori ni sumu. Na wapimaji wote wawili wanaweza kuwa waaminifu kama watawa.

Nilitaka kuwaambia kibandani. Nilifungua mdomo, nikaufunga. Ungemwambia nini mtu aliyelala siku mbili mpakani? Kwamba hakuna aliyemwibia, ila hesabu?

## Robo ya miligramu

Usiku ule sikulala, kwa sababu hesabu ikishaanza haikuombi ruhusa.

Tunasaga sampuli, tunapima gramu 25, tunazilowesha kwenye mililita 100 za methanoli na maji. Maana yake kila maikrolita moja ya dondoo imebeba unga wa robo ya miligramu. Na maikrolita moja ndiyo inayosimama mbele ya taa yangu.

Robo ya miligramu. Punje moja ina kama 1,200 za robo hizo. Lori la tani 30 lina bilioni 120.

Kwa miaka miwili nilikuwa najivunia udogo. Udogo ndio unaotuuzia maombi ya fedha: kemikali kidogo, muda kidogo, kifaa kinachoingia mfukoni. Kila neno ni kweli. Na kila hatua niliyoipunguza ilikuwa inanisogeza mbali na lori.

## Tone la damu

Nikajiuliza, basi mbona kwa wengine inafanya kazi? Vituo vya afya vya nchi hii vimejaa vijidude vya aina hii. Mashine ya Pima ilikuwa inahesabu seli za CD4, zile za kinga ya mwili, kutoka tone la kidole, maikrolita 25: kingamwili zenye rangi zinazong'aa zinashika seli, kamera inahesabu vinavyong'aa, dakika 20 hivi jibu liko tayari. GeneXpert ya kifua kikuu nayo, ndani ya katriji yake, inasoma fluoresensi. Hakuna aliyeniambia tone la kidole ni dogo mno.

Jibu lilinijia nikiwa naoga, na lilikuwa la kitoto hata nikaona haya.

Damu inakorogwa.

Mtu mzima ana lita tano hivi, na moyo unazizungusha zote kwa muda wa kama dakika moja, mchana na usiku, bila mtu kuulipa. Tone la kidole ni balozi mwaminifu kwa sababu limetoka kwenye sufuria inayokorogwa daima. Hata kwenye makohozi, ambako moyo haukorogi, nesi anakusisitizia: nataka makohozi ya kifuani, sitaki mate. Anajua katriji itapima kile utakacholeta.

Gunia halina moyo. Punje gonjwa iliyoingia Mbale imelala pale pale ilipoangukia, imezungukwa na wenzake wazima wasiojua lolote.

Kwa wiki kadhaa nilikuwa nimemdharau Shangazi kimoyomoyo kwa sababu tochi yake haioni sumu yenyewe. Lakini sumu hii haikai kwenye mahindi. Inakaa kwenye punje chache. Na yeye anafanya kazi punje kwa punje. Tochi yake inakosea, inaacha punje zenye sumu zisizong'aa na kuokota zinazong'aa zisizo na sumu, hilo nalishikilia mpaka kesho. Ila kuchambua punje zilizopasuka, zilizobadilika rangi, zilizooza, kunapunguza sumu ya mzigo kweli. Mimi chipu yangu haijawahi kupunguza hata chembe. Isipokuwa zile zilizoliwa na silikoni.

## Turubai

Nilirudi Busia mwishoni mwa mwezi nikiwa na kisanduku cha kifaa, chupa ya methanoli, na maelezo niliyoyafanyia mazoezi kwenye basi. Hayakufika mbali.

"Shikamoo, Shangazi. Lile swali lako."

"Marahaba. Swali gani?"

Alikuwa amelisahau. Wiki zote zile.

Nikamkumbusha. Nikamwambia mashine inaiona sumu yenyewe, lakini ya lile tone tu, na tone ni unga usiotosha kumshibisha sisimizi. Nikamwambia habari ya punje moja na kilo 12. Hapo aliacha kufunga gunia, akaniomba nirudie, akahesabu kwa vidole, kisha akaguna.

"Kwa hiyo mashine haina kosa."

"Haina."

"Mwenye kosa ni anayeipelekea."

Nilisema ndiyo, safari hii polepole, nikaeleza ninachotaka kufanya. Kuchoma magunia mengi ya shehena, ya mlangoni, ya katikati na ya chini kabisa. Kumwaga vyote kwenye turubai, kukoroga kwa sepetu mpaka mikono iume, kufanya lundo, kuligawa mapande manne, kutupa mawili yanayotazamana, kukoroga tena. Kisha kusaga yote yaliyobaki, si kiganja kimoja, yote, kwenye mashine ya posho ya jirani, kabla ya kupima zile gramu 25. Yaani kuwa moyo wa gunia, kwa mchana mmoja.

Jirani alitaka kujua nani atalipia kusafisha mashine yake kabla na baada. Swali zuri, na kwenye maombi yetu ya fedha halikuwahi kuwa na mstari. Tulikubaliana shilingi kadhaa na kilo mbili za kwanza nisage za bure, za kusukuma unga wa mtu aliyetangulia.

Vijana wawili wa kupakia walikuja kuangalia. Mmoja aliuliza kama natafuta dhahabu.

Shangazi akafungua kabati, akatoa bambo lake la zamani, chuma kilichopauka mpini kwa kushikwa. Akanipa. Kisha akanyoosha mkono kuelekea gunia la pembeni, la tatu kutoka ukutani.

"Anza na lile."

Nikamwambia hapana, kanuni inasema nichague bila kupendelea, kila gunia la kumi, na nimeshaandika namba kwenye karatasi.

Alinitazama kama anavyomtazama dereva mgeni.

"Lile," akarudia, "lilinyeshewa Tororo."